Nakala Moja ya Majina

Jumatatu, 24 Novemba
Nimeripoti kazini Mbelezi. Ofisi ni chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, ubavuni mwa ghala la mazao la kijiji. Kuna meza mbili, kabati lisilofungika na kompyuta moja. Mkuu wa kituo, Bwana Gerson, hakuniuliza nimesoma wapi. Aliniuliza kama naogopa wafu. Nikasema hapana. Nimeanza kazi kwa uongo.

Kazi yenyewe ni hii. Tuta la bwawa limekwisha kujengwa. Mvua zikikolea maji yatajaa bonde, na bondeni kuna makaburi mia moja sitini na matatu, mengine kando ya mazizi, mengine katikati ya mashamba ya uwele. Kampuni yetu inayahamisha. Kila kaburi limepigiwa kigingi chenye namba, kabla sijafika. Mifupa ikifukuliwa itaingia kwenye sanduku lenye namba ileile. Kitakachosema namba fulani ni ya nani ni orodha.

"Na orodha ni wewe, kijana," alisema Bwana Gerson. "Ukikosea hakuna wa kukusahihisha. Wahusika hawasemi."

Akacheka. Nami nikacheka, kwa kuchelewa.

Jumamosi, 29 Novemba
Joto. Majina kumi na tisa. Nimekagua kila moja mara tatu.

Jumatano, 3 Desemba
Dada Mwantum ndiye anayezunguka boma kwa boma na fomu, akiuliza nani amelala wapi. Jioni ananiletea, nami naingiza kwenye kompyuta: namba, jina, dini, umri, msemaji wa familia. Namba nimeziandika zote mapema kwa mfuatano, na baada yake nimeacha safu tupu. Bwana Gerson amesema hapo zitakaa picha za makaburi, kamera itatoka Dodoma.

"Abeli, unaandika kama unamwandikia malaika," Dada Mwantum ananitania. "Hebu pumua."

Leo alikuja Mzee Rajabu, aliyefungua duka la kwanza hapa kijijini. Nikamwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye kitabu?"

"Ndiyo mzee, ila si kitabu. Ni kompyuta."

"Inaandika?"

"Inaandika."

"Basi ni kitabu."

Mkewe, Yusra, alifariki miaka kumi na mmoja iliyopita. Mzee hakutaka aandikwe leo. Alisema mkewe alikuja huku akiwa mgeni, na maisha yake yote hakupenda kuwapita wenyeji, kisimani wala kinuni. "Muandike mwishoni. Wenyewe watangulie." Nikamwambia haina neno. Ni jambo la adabu, na halikunigharimu chochote.

Jumatatu, 8 Desemba
Asubuhi kompyuta haikuwaka. Majina sitini na moja yalikuwa ndani. Nilikaa mbele ya kioo cheusi, nikisikia Bwana Gerson akipiga mluzi nje.

Akaja Fahadi kwa pikipiki kutoka Chemba, ana duka la steshenari huko na hutengeneza kompyuta. Akaifungua, akapuliza vumbi la kujaza kikombe, ikawaka. Kisha akasema faili langu likae kwenye wingu, yaani kwenye mitambo ya kampuni moja ya mbali. Kila nikihifadhi hapa, kukiwa na mtandao, la kule nalo linajisawazisha.

"Unaona kompyuta ngapi humu?" Bwana Gerson akamuuliza.

"Moja, mkuu."

"Sasa inajisawazisha na nani? Na kivuli chake? Hayo ni ya watu wenye kompyuta ya ofisini na ya nyumbani. Hapa ni kumaliza bando."

"Mkuu, mwenye mbili ikifa moja anabaki na moja. Mwenye moja anabaki na nini?"

"Anabaki na karani."

Walicheka wote wawili. Mwishowe mkuu akasema fanyeni, mradi asisumbuliwe. Fahadi akafungua akaunti, nywila ni yangu, namba ya simu ni yangu.

Sijui nani ana haki. Chuoni mwalimu wetu wa utunzaji wa kumbukumbu alisema nakala inayofuata asili kwa kila jambo si nakala, ni kioo. Ukijipaka masizi, kioo hakikutunzii uso wa jana. Lakini leo nililala mchana kidogo baada ya Fahadi kuondoka, jambo ambalo sijalifanya tangu nifike.

Jumapili, 14 Desemba
Mawingu, hakuna mvua. Majina tisini na nane.

Jumamosi, 20 Desemba
Mvua ya kwanza jana, na leo ufukuaji umeanza. Mchungaji na shehe wanapokezana. Nilisimama na ubao wangu nikisoma namba ya kigingi kwa sauti, fundi anaiandika kwenye sanduku kwa rangi nyekundu. Kazi yangu ilikuwa kutazama namba tu. Nilitazama namba tu.

Bibi Restuta alikuja na kitambaa chake cheupe kipya. "Mbukwenyi," alitusalimu wote, kama mtu anayekaribisha wageni kwake. Kaburi lake ni dogo, la mwanawe Filipo, aliyekufa kwa surua akiwa na miaka mitatu, Bibi mwenyewe akiwa msichana. Yaliyopatikana yalienea kwenye kitambaa, na kitambaa kilienea kwenye kona ya sanduku. Masanduku yote yana ukubwa mmoja. Yaliagizwa hivyo.

Masanduku hayazikwi leo. Shamba jipya la makaburi bado halijapimwa. Yanapangwa ghalani, ubavuni mwa chumba ninachofanyia kazi.

Alhamisi, 25 Desemba
Nilisali. Mama alipiga simu kutoka nyumbani, Zuzu, akauliza kama nakula. Nikasema nakula.

Jumamosi, 3 Januari
Fomu zote zimeliwa na mchwa.

Zilikuwa kwenye boksi sakafuni, mimi ndiye niliyeliweka. Nilipoliinua, kitako kilibaki chini. Ndani ulikuwa udongo uliotengeneza vyumba na njia, na vipande vya karatasi vya ukubwa wa ukucha. Nilisoma neno "mama" kwenye kimoja.

Bwana Gerson alikunja uso, kisha akauliza, "Umeshaingiza zote?" Nikasema zote za mpaka jana. "Basi mchwa wamekusaidia kufanya usafi. Zilizobaki usitumie fomu. Waje hapahapa, andika moja kwa moja."

Jumatatu, 5 Januari
Majina mia moja arobaini na tisa. Bado kumi na manne, ya huku na huko bondeni. Jioni bando liliisha na Bwana Gerson amekataa kununua jingine. "Kompyuta ni ileile, faili ni lilelile, kuna nini cha kusawazisha?" Nikakubali, nikazima kompyuta.

Ijumaa, 9 Januari
Mzee Rajabu alikuja katika wale wa mwisho, kama alivyotaka. Aliketi karibu na kompyuta akanitazama nikiandika jina la mkewe.

"Ndiyo huyo?"

"Ndiye, mzee."

Aligusa kioo kwa kidole, akakiondoa haraka akidhani ameharibu.

Jumanne, 13 Januari
Ufukuaji umekwisha. Maji yamefika kwenye zizi la zamani la kina Bibi Restuta. Vigingi vya chini tayari vinaelea.

Alhamisi, 15 Januari
Mkutano wa wazee. Bwana Gerson alitaka kuzika kwa kufuata namba, moja, mbili, tatu. Mzee Nathanaeli, anayesema kwa niaba ya koo zote, alikataa.

"Mtoto asiingie ardhini mbele ya babu yake. Mara ya kwanza alipanga Mungu, hatukuweza kumbishia. Mara hii mnapanga ninyi."

"Mzee, ni kazi kubwa hiyo," akasema Bwana Gerson.

"Kwani hicho kitabu cha huyu kijana hakiwezi?"

Wote wakanigeukia. Nikasema kinaweza, ni dakika moja. Nilifurahi kuwa na jibu.

Jumamosi, 17 Januari
Bando jipya limepatikana. Saa nane mchana nilipanga orodha kwa umri, mkubwa hadi mdogo. Haikuchukua hata dakika. Nikahifadhi, alama ya kusawazisha ikazunguka, ikatulia. Nikachapa.

Bwana Gerson alishika karatasi mbali kidogo na macho. "Sasa imekaa. Namba moja hadi mia sitini na tatu, mzee hadi mtoto. Mbona mwanzo ilikuwa fujo?" Ni mara ya kwanza kunisifu. Nimeandika sifa hiyo hapa ili niikumbuke.

Jumatatu, 2 Februari
Mazishi yameanza. Kumi na wanne.

Jumatano, 4 Februari
Kumi na sita. Mvua ilitukatiza. Kila kaburi linapata bati lenye jina, na chini yake namba ya sanduku kwa herufi ndogo. Waislamu upande wa magharibi, Wakristo mashariki.

Jumatatu, 9 Februari
Juzi Mzee Rajabu alimzika mkewe. Alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Nimeanza kufikiri kwamba kazi hii si mbaya, na kwamba hofu yangu ni maradhi tu, kama pumu.

Alhamisi, 12 Februari
Leo ilikuwa siku ya mwisho, siku ya watoto.

Bibi Restuta alikataa sanduku libebwe na vijana. Alisema alimbeba kwenda kaburini peke yake mara ya kwanza na atambeba tena. Wakamtwisha. Magoti yakamwinama. Vijana wawili wakaruka kumshika, akawasukuma kwa kiwiko, akasimama wima, akaanza kutembea polepole huku akiimba kwa Kigogo wimbo wa kubembelezea mtoto.

Alipofika shimoni alitua, akafuta jasho. Akacheka, machozi yakimtoka.

"Mzito," aliniambia. "Mjukuu wangu, umeona? Mwanangu amekua huko chini."

Watu waliguna kwa huruma. Mwanamke mmoja alisema ni uzee, nguvu zimemwisha. Mimi nilikumbuka kitambaa kwenye kona ya sanduku. Nikatazama ubao wangu: Filipo, miaka mitatu, sanduku namba mia moja hamsini na nane. Sikumbuki kuisoma namba mia moja hamsini na nane mbele ya kaburi dogo. Lile kaburi lilikuwa bondeni kabisa, na namba za bondeni zilikuwa ndogo.

Sanduku likashushwa. Nilishika kofia yangu kama wengine.

Ijumaa, 13 Februari
Ni kweli.

Ile safu tupu ya picha. Kamera haikuja kamwe, na safu ikabaki tupu kati ya namba na majina. Nilipoamuru orodha ipangwe kwa umri, kompyuta iliichukulia ile safu kama ukuta. Ikapanga kila kilichokuwa upande wa pili wa ukuta: majina, dini, umri, wasemaji. Namba zikabaki zimesimama palepale. Ndiyo maana ilipendeza. Ndiyo maana mzee kuliko wote alikuwa namba moja na mtoto wa mwisho namba mia sitini na tatu. Jambo kama hilo haliwezi kutokea duniani, nami nilipokea sifa kwa ajili yake.

Nimezika watu mia moja sitini na watatu kwa majina ya wengine.

Nilimweleza Bwana Gerson. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe, mkuu."

"Basi hakuna anayejua." Alikaa. "Sikiliza, Abeli. Kila mtu katika kijiji hiki amelia, amemaliza, ameosha vyombo vya matanga. Unataka kuwarudishia kilio?"

"Kuna Waislamu wamelala upande wa misalaba, mkuu. Na Wakristo upande wa pili."

"Mifupa haina dini. Na hata ukiwaambia, utawaonyesha nini? Orodha ya zamani iko wapi? Fomu zimeliwa. Bonde limejaa maji. Ripoti nimeshaisaini, nimesaini nikiamini mkono wako." Hakupaza sauti. Angepaza sauti ningejisikia afadhali. "Nenda ukapumzike."

Akafunga ofisi kwa kufuli, kompyuta ikiwa ndani, akaweka ufunguo mfukoni.

Jumamosi, 14 Februari
Sikufanya kitu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Hii ni ajira yangu ya kwanza. Likijulikana, hakuna atakayenikabidhi hata daftari la mahudhurio. Nilijiambia mkuu ana hekima, kwamba kuna kweli inayoumiza bila kuponya. Nililiamini hilo kwa saa kadhaa.

Kisha nikapita shamba jipya. Mzee Rajabu alikuwa anafagia kwenye bati la Yusra, sanduku namba themanini na nane. Akanipungia mkono. Nami nikampungia.

Jumapili, 15 Februari
Baada ya ibada nilimwambia Dada Mwantum. Yeye si Mkristo, alikuwa akinisubiri nje kunipa mahindi mabichi, akaona uso wangu.

Alihamishia mahindi mkono wa pili. "Kwa hiyo nimetembea boma kwa boma miezi miwili, nikiwauliza watu habari za mama zao, ili wewe uje uwachanganye kama karata."

"Ndiyo, dada."

"Usinijibu ndiyo!" Akatupa hindi chini, akaliokota, akalipangusa kwa khanga. "Yule kijana wa Chemba. Lile wingu lake. Halina ya zamani?"

Nikamweleza habari ya kioo. Kwamba nilipohifadhi kosa hapa, kule nako kosa lilihifadhiwa dakika ileile.

"Umeuliza, au umejijibu?"

Nilikuwa nimejijibu.

Mtandao kijijini umekatika tangu Jumanne kwa mvua. Tulipanda juu ya tuta la bwawa, mahali pekee simu inaposhika kidogo. Maji yalikuwa upande wa kulia, mengi, ya rangi ya chai ya maziwa. Fahadi akapokea.

"Kaka, ya zamani ipo. Ukiandika juu ya faili, lile la mwanzo wanakuwekea siku thelathini, ndipo wanalifuta. Uliandika juu yake lini?"

"Tarehe kumi na saba Januari."

"Saa ngapi?"

"Saa nane mchana."

Nikasikia anahesabu kwa mdomo. "Kesho. Kesho saa nane linakwenda."

Nikampa nywila alifungue yeye. Mtambo ukadai tarakimu za uthibitisho, zinazotumwa kwenye simu yangu. Tulijaribu mara nne. Sauti ilipita, ujumbe haukufika.

"Basi njoo," akasema. "Usibebe kompyuta, kaka. Njoo na simu yako tu."

Jumatatu, 16 Februari
Niliondoka alfajiri bila kumuaga mkuu. Bodaboda alinifikisha korongoni akagoma. Maji yalikuwa yanapita na miti. Nilikaa ukingoni hadi saa nne, na ningependa kuandika kwamba nilikuwa nangoja yapungue. Nilikuwa nangoja yaongezeke, ili nipate sababu ya kurudi.

Wakatokea wafugaji wanaopeleka ng'ombe mnadani Chemba. Hawakusimama hata kidogo, waliingia nao majini kama wanaingia sokoni.

"We karani, unaenda au unachora ramani?" mmoja akaniita.

"Sijui kuogelea."

"Ng'ombe anajua. Shika mkia. Usishike pembe, atakuchukia."

Nikashika mkia. Simu nilikuwa nimeifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikaing'ata kwa meno. Maji yalinifika kifuani, kisha miguu ikakosa ardhi, nikavutwa. Nilipotoka ng'ambo walinicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akanipa shuka.

Nilifika kwa Fahadi saa saba na dakika ishirini. Alikuwa amefukuza wateja na kompyuta iko tayari. Tarakimu zikaingia kwenye simu kwa mlio mmoja mdogo. Akafungua historia ya faili. Kulikuwa na mistari miwili: tarehe 17 Januari, na chini yake, tarehe 5 Januari.

"Hiyo ya chini," nikasema.

Akaibonyeza. Yakatokea majina yangu. Fujo yote, mzee juu, mtoto katikati, kila mmoja mbele ya namba yake. Filipo, miaka mitatu, namba ishirini na saba. Niliweka kichwa juu ya meza ya duka lake.

"Hesabu kwanza, kaka. Muda unakwenda."

Tukahesabu. Mia moja arobaini na tisa. Tukarudia. Nikauliza kama hakuna ya tarehe kumi, au kumi na nne. Fahadi akanitazama.

"Kati ya tarehe tano na kumi na saba hukusawazisha kabisa?"

Nikakumbuka bando.

Alichapa nakala tatu, akahifadhi nyingine kwenye kompyuta yake na kwenye simu yangu. Saa nane na dakika kumi tulifungua tena historia. Ulibaki mstari mmoja.

Watu kumi na wanne. Majina yao ninayo, kwenye orodha ile mbovu. Namba zao ninazo, ni zile zisizo na mtu. Nani ni nani hakuna ajuaye. Niliwaandika mwenyewe, moja kwa moja, bila karatasi, kwa siku kumi na mbili ambazo sisi sote tuliona hakuna haja ya nakala kwa mwenye kompyuta moja.

Yusra yumo.

Jumatano, 18 Februari
Korongo limepungua, nimerudi. Bwana Gerson alikuwa mlangoni, nikampa orodha ya zamani.

"Umeipata wapi? Ofisi nimefunga mimi."

"Kompyuta bado imo, mkuu. Sikuigusa."

Alisoma karatasi zote akiwa amesimama. "Mia moja arobaini na tisa. Na hawa wengine?"

"Ulikata bando, mkuu."

Sijawahi kumjibu hivyo. Nilingoja kofi. Alikunja karatasi taratibu, akazifungua tena.

"Nilikata," akasema.

Jumapili, 22 Februari
Mkutano. Bwana Gerson alisema kwanza, nami sikutegemea. Alisema yeye ndiye mkuu, na amekuja na kosa. Kisha akanipa nafasi nami nikaeleza yote, safu, ukuta, mchwa, bando.

Mzee mmoja akasimama, "Kwa hiyo wiki nzima namlilia bibi wa jirani yangu?" Wachache wakacheka vibaya. Kijana mmoja akasema nifungwe kamba nitupwe bwawani nikawatafute. Mzee Nathanaeli akamkalisha kwa kumtazama tu.

"Ni mimi niliyesema wapangwe kwa umri," akasema.

"Hukusema nipange vibaya, mzee."

Bibi Restuta aliuliza, "Yuko wapi?"

"Upande wa Waislamu, Bibi. Chini ya jina la mzee mmoja."

"Nilimwimbia mtu mzima," akasema, si kwangu. Kisha, "Na huyo mtu mzima, amewahi kuimbiwa?" Sikuelewa kama anauliza.

Kati ya familia kumi na nne, mbili zilikumbuka namba za vigingi vyao. Wamebaki kumi na wawili. Dada Mwantum alipendekeza yafunguliwe yote kumi na mawili, mifupa itazamwe, labda mwanamke atajulikana na mwanamume. Mzee Rajabu alikataa kwa upande wake. Alikuwa amefunga, midomo imekauka. "Amefunuliwa mara moja mbele za watu. Inatosha." Wengine nao wakakataa.

Jumatano, 11 Machi
Siku tatu tumebadilisha mabati na kuhamisha waliokuwa upande usio wao. Arobaini na mmoja walifukuliwa tena. Mvua kila adhuhuri. Hakuna aliyenisalimia isipokuwa Bibi Restuta, na Bwana Gerson aliyeshika jembe kama vibarua.

Makaburi kumi na mawili yana namba tu.

Ijumaa, 13 Machi
Barua ya kuachishwa kazi imefika, yangu na ya Bwana Gerson.

Jumanne, 24 Machi
Naondoka kesho. Leo nilikwenda kumuaga Mzee Rajabu. Nilimpa mkono wa Idd iliyopita, akaupokea. Bati la Yusra limeegemezwa ukutani ndani ya nyumba yake, kwa kuwa shambani halina pa kusimama.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi. Sikufika katikati.

"Nilikwambia mimi mwenyewe umwandike mwishoni," akasema. "Tuachane na hilo. Hizo namba unazo?"

"Ninazo, mzee. Nimekuletea karatasi."

"Karatasi nitaifanyia nini? Sijui kusoma. Nisomee."

"Zote kumi na mbili?"

"Nitazizungukia zote. Siku moja moja. Kumi na mbili si nyingi."

"Nane kati yao ni Wakristo, mzee. Wako pande zote mbili."

"Basi watapata dua wasiyoitegemea. Nisomee. Polepole, kitabu changu ni hiki." Akajigonga kipaji.

Nikamsomea. Sita. Kumi na tisa. Thelathini na moja. Thelathini na mbili. Hamsini na nane. Sabini. Sabini na saba. Tisini na nne. Mia moja na tatu. Mia moja kumi na nane. Mia moja arobaini. Mia moja hamsini na tano.

Alifumba macho, akazirudia kwa sauti, akikunja kidole kwa kila moja. Alikosea ya tisa. Nikamsahihisha. Akafungua vidole vyote, akaanza upya tangu ya kwanza.